Mashamba ya Zengcheng: Mji Unapomfuata Mkulima Nyumbani Kwake



Kila anayekaa Maskati analijua lile jahazi lililowekwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na hoteli ya Al Bustan. Watoto wetu hulipita bila ya kuuliza. Jahazi hilo ni Sohar, lililoundwa Sur kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za usumba, bila ya misumari. Mwishoni mwa 1980 liliondoka Oman chini ya Mwingereza Tim Severin, na katikati ya 1981 likatia nanga Guangzhou, bandari ambayo wanajiografia wa Kiarabu wa zamani waliiita Khanfu. Padri aliyetufundisha jografia katika skuli ya misheni alituonyesha mahali hapo kwenye atlasi kwa jina la Canton, akatuambia kuwa mabaharia wa Oman walifika huko zaidi ya miaka elfu moja kabla yetu. Sisi tuliona ni hadithi tu.

Leo hakuna haja ya tanga. Vijana wetu wa Kariakoo, Darajani, Mombasa na Deira hupanda ndege jioni na asubuhi wako Guangzhou wakichagua vitambaa, taa, vigae na simu. Lakini nikiwauliza wakirudi, "Huko Guangzhou mlikwenda wapi?" hunitajia hoteli na masoko. Hakuna anayenitajia mashamba. Nami leo nataka niwapeleke mashambani, kwenye wilaya moja inayoitwa Zengcheng, kwa sababu yaliyotokea huko ndiyo yanayokuja, na kwa wengine yameshafika, kwenye mashamba ya wazee wetu.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Nilikuwa karani. Sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi niliimaliza katika ofisi ya serikali kwenye mwambao wa Bara, nikijaza fomu za fidia. Barabara ikipanuliwa au ghala likijengwa, sisi tulikwenda kuhesabu. Mnazi unaozaa bei yake, mnazi mchanga bei yake, mwembe bei yake, kibanda cha makuti bei yake. Siku moja nilimlipa bibi mmoja kwa minazi yake kumi na minne. Aliweka dole gumba kwenye karatasi, akazihesabu noti, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, minazi umeilipa. Na pale ilipopandwa?" Nilimjibu kama nilivyofundishwa, kwamba ardhi ni mali ya umma. Fomu yangu haikuwa na safu ya ardhi. Hadi sheria mpya za ardhi za Tanzania za mwaka 1999, ndipo ilipokubaliwa kwenye maandishi kwamba ardhi yenyewe ina thamani na thamani hiyo sharti ihesabiwe kwenye fidia.

Swali la bibi yule ndilo lililoulizwa Zengcheng kwa miaka arubaini.

Wilaya yenyewe

Zengcheng iko mashariki ya Guangzhou. Ukubwa wake unapata kilomita za mraba 1,600, yaani unakaribia kisiwa kizima cha Unguja. Kaskazini ni milima, misitu na vijiji vya Wahakka, na maporomoko ya maji ya Baishuizhai ambayo watu wa mjini huenda kuyatazama siku za mapumziko. Katikati ni mabonde ya mpunga na bustani za matunda. Kusini kuna mji wa Xintang, ukingoni mwa mto Dongjiang, na ng'ambo ya mto ni Dongguan yenye viwanda vyake.

Sifa ya Zengcheng tangu zamani ni lichi, tunda la ukoo mmoja na shokishoki letu. Kuna mti mmoja mkongwe, unaosemwa una zaidi ya miaka 400, umezungushiwa uzio na kulindwa kama mtu mkubwa. Mwaka 2002 tunda moja la mti huo liliuzwa kwenye mnada kwa yuani 555,000. Tunda moja, si tenga. Watu walicheka, lakini mnada ule ulikuwa na maana yake: wilaya ilikuwa inajitangaza kwa matajiri wa mjini. Mji ulikuwa umeanza kusogea.

Sifa ya pili ni suruali za jinzi. China ilipoanza kulegeza uchumi baada ya 1978, wenye mitaji wa Hong Kong walivuka mpaka kutafuta mahali pa kushonea kwa bei nafuu. Xintang ikapokea cherehani. Kufikia miaka ya 2000 mji ule ulikuwa ukitoa zaidi ya suruali milioni 200 kwa mwaka, na ukajulikana kuwa ni mji mkuu wa jinzi duniani. Msomaji, kama umewahi kununua suruali ya jinzi Kariakoo au Dragon Mart ya Dubai, huenda umevaa kazi ya mikono ya Xintang bila ya kujua.

Mambo yakaenda haraka. Zengcheng ilikuwa kaunti ya wakulima. Mwaka 1993 ikapewa cheo cha mji, na mwaka 2014 ikafanywa wilaya ya Guangzhou. Kiwanda cha magari ya Honda kilifunguliwa hapo 2006. Treni ya chini ya ardhi ikafika kusini 2017, na ya pili ikafika mji wa kati 2018. Sensa ya 2010 ilihesabu watu zaidi kidogo ya milioni moja. Ya 2020 ikahesabu karibu milioni moja na nusu. Guangzhou nzima katika miaka hiyo kumi ilitoka milioni 12.7 ikafika milioni 18.7.

Watawala wa Zengcheng hawakuachia mambo yaende ovyo, na haki yao wapewe. Waliigawa wilaya mafungu matatu: kusini viwanda, katikati makazi na ofisi, kaskazini misitu na utalii. Vijiji vya kaskazini vikakatazwa viwanda, na badala yake wakafidiwa kutoka kwenye mapato ya kusini. Ni mpango wa busara kwenye karatasi. Kwa anayeishi kaskazini, hata hivyo, maana yake ni kwamba jirani yake wa kusini aliamka tajiri na yeye akaambiwa alinde miti.

Hesabu ya ardhi

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye siri yote.

Katiba ya China ya 1982 ilisema ardhi ya mijini ni ya serikali, na ardhi ya vijijini ni ya kijiji kwa pamoja. Mkulima ana haki ya kulima kwa mkataba, hana hati ya kumiliki. Kwa muda mrefu hakuruhusiwa kumuuzia mjenzi moja kwa moja. Sharti kwanza serikali iitwae ardhi ya kijiji, iigeuze kuwa ya mji, kisha iipige mnada kwa wajenzi: miaka 70 kwa makazi, 50 kwa viwanda, 40 kwa biashara. Mlango ulikuwa mmoja, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja.

Na bei ya kutwaa? Sheria ya 1998 iliihesabu kwa mavuno. Serikali iliangalia shamba limetoa nini kwa wastani wa miaka mitatu, ikazidisha, na jumla ya fidia ya ardhi pamoja na ya kumhamisha mkulima haikutakiwa kupita mara thelathini ya mavuno ya mwaka. Tuchukue mfano. Wachina hupima kwa mu, na mu sita ni kama eka moja. Tuseme mu moja ya mpunga inatoa yuani 2,000 kwa mwaka. Mara thelathini ni yuani 60,000, mwisho wa hesabu. Ardhi ileile ikishaandikwa kuwa ya makazi na reli ikishachorwa kwenye ramani, mnada hauulizi tena mpunga ulitoa magunia mangapi. Unauliza ghorofa ngapi zitapanda. Tofauti ya bei hizo mbili haikuingia mfukoni mwa mkulima.

Ndugu zangu, fomu yao ilihesabu mpunga kama yangu ilivyohesabu minazi.

Tusiwafanye watawala wa wilaya kuwa ni wezi wote. Mwaka 1994 serikali kuu ya Beijing ilibadilisha mgawanyo wa kodi, ikajichukulia sehemu kubwa zaidi, lakini skuli, barabara na hospitali zikabaki kuwa mzigo wa chini. Miji ikatafuta pesa mahali palipobaki, nayo ni ardhi. Mwaka 2021 mauzo ya haki za ardhi nchini China yalifika yuani trilioni 8.7. Reli inayofika Zengcheng na barabara zake pana zilijengwa kwa njia hiyo. Kwa hivyo mkulima aliyehamishwa anaweza leo kupanda treni nzuri, akapita juu ya shamba alilokuwa akililima. Je, amefaidika au amedhulumiwa? Jibu la haki ni kwamba amepata yote mawili, na ndiyo maana ugomvi wake ni mgumu kuamua.

Wanakijiji hawakukaa kimya. Mwaka 2011, katika mkoa huohuo wa Guangdong, watu wa kijiji cha Wukan waliwafukuza viongozi wao wakidai kwamba ardhi ya pamoja imeuzwa nyuma ya migongo yao, na dunia nzima ikasikia. Mabadiliko yalikuja polepole. Tangu Januari 2020 sheria imeacha hesabu ya mavuno na kuweka bei za eneo, na kijiji kimeruhusiwa kuikodisha chenyewe ardhi yake iliyotengwa kwa biashara au viwanda. Kwa vijiji vingi vya pembezoni mwa Guangzhou, ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa.

Sehemu iliyobaki kwa kijiji

Hata hivyo Guangdong ina jambo moja ambalo nalisifu, na natamani lingejulikana kwetu. Serikali ikitwaa ardhi ya kijiji, huirudishia kijiji sehemu, kati ya asilimia 10 na 15 ya eneo lililotwaliwa, kama ardhi ya kujijengea riziki. Wanakijiji huunda shirika la hisa, hujenga ghala, soko au nyumba za kupangisha, na kila mwisho wa mwaka hugawana faida. Kijiji cha Liede, ambacho mji uliwahi kukimeza zamani, kilibomolewa 2007 kabla ya Michezo ya Asia, kikajengwa upya kwa maghorofa, na wenyewe wakarudi 2010 wakiwa wenye nyumba na wenye hisa. Mkulima anapoteza jembe, lakini hapotezi mahali pake kwenye orodha.

Nimesema orodha. Hapo ndipo karani anapoinua miwani. Kila mgao una orodha ya majina, na kila orodha ina mtu aliyeachwa nje.

Wa kwanza kuachwa ni mgeni. Suruali za Xintang hazikushonwa na wenyeji peke yao. Walioshona wengi walitoka Sichuan, Hunan na mikoa mingine ya mbali, na kwa mfumo wa uandikishaji wa kaya uliowekwa 1958, mtu huandikwa mahali walipoandikwa wazazi wake. Anaweza kufanya kazi Xintang miaka ishirini, akazaa hapo, na bado asiwe na hisa. Mwenyeji anamiliki nyumba ya vyumba vingi, mgeni anapanga chumba kimoja. Juni 2011 mwanamke mjamzito kutoka Sichuan, aliyekuwa akiuza vitu barabarani, alisukumwa na walinzi, na mji ukawaka moto kwa siku kadhaa; magari yakachomwa na maelfu wakaingia barabarani. Sisi tunaoishi nchi za Ghuba hatuhitaji kufasiriwa jambo hili. Tunajua maana ya kuujenga mji ambao daftari lake halina jina lako, na baadhi yetu tunajua pia maana ya kuwa ndani ya daftari na kumpangisha aliye nje.

Wa pili kuachwa ni binti. Katika vijiji vingi vya Guangdong, mwanamke aliyeolewa nje ya kijiji alifutwa kwenye orodha ya hisa, hata kama hajahamia kwingine. Mume wake hana hisa ya kumpa, kijiji chake kimemkatia. Wanawake hao walikwenda mahakamani na kwenye ofisi za serikali kwa zaidi ya miaka ishirini, na mara nyingi waliambiwa kwamba kijiji kimeamua kwa kura. Kura zilikuwa za kaka zao. Sheria mpya ya mashirika ya uchumi ya vijijini, iliyopitishwa Juni 2024 na kuanza kutumika Mei 2025, imekataza kumnyima mwanamke haki yake kwa sababu ya kuolewa, kutoolewa, kuachwa au kufiwa. Ni sheria nzuri. Inawakuta wengine wakiwa bibi vizee na mgao wa miaka yote ukiwa umeshaliwa.

Mnunuzi anapokosekana

Mambo hayo yote yalisimama juu ya jambo moja: kwamba atakuwepo daima mtu wa kununua ghorofa. Zengcheng ilijaa majengo. Kampuni ya Country Garden ilianza mtaa wake mkubwa kusini mwa wilaya mwaka 2002, na watu wa mjini wakakimbilia huko kwa sababu bei ilikuwa nafuu kuliko katikati ya Guangzhou.

Mwaka 2020 serikali kuu iliwawekea wajenzi mipaka mikali ya kukopa. Evergrande, iliyoanzishwa Guangzhou 1996, ilishindwa kulipa 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Country Garden nayo ilishindwa kulipa madeni yake ya nje mwaka 2023. Yale mapato ya ardhi yaliyofika trilioni 8.7 yakateremka hadi karibu trilioni 4.9 mwaka 2024. Wilaya za pembezoni ndizo zinazoumia mwanzo bei zinapoanguka, maana mnunuzi mwenye kuchagua hurudi kutazama katikati ya mji.

Viwanda vya jinzi navyo vilipungua. Maji ya kutia rangi yalikuwa yameuchafua mto, na mwishoni mwa miaka ya 2010 vingi vya kutia rangi na kufua vikafungwa au kuhamishwa. Kwa mto ni kheri. Kwa mwanakijiji aliyejenga vyumba vya kupangisha wafanyakazi, ni funguo nyingi zisizo na wapangaji. Aliyegawiwa hisa za ghala amegundua kwamba hisa si shamba: mwaka mbaya wa shamba hukupa angalau muhogo.

Wenye mpunga na lichi za kaskazini, wale walioambiwa walinde miti, sasa wana wageni wanaokuja kwa baiskeli kununua mchele na matunda. Sisemi wametajirika. Nasema ardhi yao bado iko.

Na sisi?

Huenda msomaji akasema, China ni China. Kweli. Hatuna mashirika ya hisa ya vijiji, na ardhi ya Zanzibar, ya Bara na ya Kenya kila moja ina sheria yake. Lakini mji unaomfuata mkulima nyumbani kwake hauna taifa. Dar es Salaam imezipita Tegeta na Mbagala, Mombasa imemwagikia Kilifi na Kwale, na mji wa Zanzibar umeshaingia kwenye mikarafuu na minazi ambayo babu zetu waliiita shamba.

Na sisi wa ughaibuni tunafanya kosa moja ambalo mkulima wa Zengcheng hakuwa na nafasi ya kulifanya. Yeye alilazimishwa kuuza kwa bei ya mpunga. Sisi tunauza kwa hiari yetu, kwa simu, kwa bei ya minazi. Dalali anapiga simu usiku, anasema shamba limeota magugu, wezi wanaangua nazi, kuna mnunuzi ana pesa taslimu. Wakala anatiwa saini, pesa zinagawanywa, na baada ya miaka mitatu tunaona kwenye picha ukuta, geti na lami. Katika ukoo wangu mwenyewe shamba moja liliondoka hivyo. Niliyeandika barua ya ridhaa ni mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa ukarani, na kati ya majina ya wenye haki sikuliandika la shangazi yangu kwa sababu alikuwa ameolewa mbali na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua.

Kwa hivyo naomba mambo matatu kwa kila familia inayosoma ukurasa huu. Kabla ya kuuza, ulizeni ramani ya mipango miji inasema nini juu ya eneo hilo, si dalali anasema nini. Kama lazima kuuza, jaribuni kubakisha kipande, hata sehemu moja ya kumi, kama wanavyobakisha vijiji vya Guangdong, na kiandikwe kwa jina la wote. Na orodha ya wenye haki iandikwe leo, wazee wangali hai, mabinti wakiwemo, walioolewa na wasioolewa, waliopo Sur, Dubai, London au Pemba.

Bibi yule wa minazi kumi na minne alifariki zamani. Pale pake sasa pana kituo cha mafuta. Nilipita nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, nikamwambia dereva asimame, tukatia mafuta tukaendelea na safari.